Miezi minne na nusu tangu oparesheni ya ACL (ile kano ya katikati ya goti), goti haliniumi tena, niingie ligi ya Ramadhani ama ningoje?

winga_kisauni

Asalaam aleikum wadau, natumai wote wazima. Mie ni winga wa timu ya mtaa huku Kisauni, miaka 24, na nataka ushauri manake kichwa chataka kupasuka. Mwaka jana nilikuwa nakimbiza mpira pembeni, beki akanikata njia, nikataka kugeukia ndani, mguu ukabaki pale pale chini na mwili ukaenda, goti likalia ko! hata waliokuwa nje ya kiwanja waliskia. Hakuna aliyenigusa wallahi. Nikatolewa nikawekewa barafu, kufika usiku goti limefura halikunjiki. Nikapigwa eksirei nikaambiwa mifupa iko sawa nenda nyumbani upumzike, nikakaa nikikandwa mpaka uvimbe ukashuka, nikarudi mazoezini, goti likanitoka tena na hio mara ya pili nilikuwa nashuka tuktuk tu. Hapo ndo mjomba akanipeleka kwa daktari wa mifupa, akalishika akalivuta vuta akasema hii ni ACL hata bila picha, MRI ikaja kuthibitisha, imekatika yote na meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti, imechanika kidogo.

Basi nikafanyiwa oparesheni, wakachukua kano ya hamstringi nyuma ya paja wakatengeneza ACL mpya, na meniskasi wakaishona. Sasa ni miezi minne na nusu, alhamdulillah siumwi. Magongo nilishatupa zamani, natembea vizuri, asubuhi nakimbia kidogo kule ufuo wa Pirates kwa mchanga, na ngazi za kwetu mpaka ghorofa ya nne napanda bila kushika ukuta. Kitu kimoja tu, nikilala chali mkekani huu mguu haulali chini wote, nyuma ya goti yabaki nafasi vidole vyapita, ule mwengine haupiti kitu. Na kukaa tahiyyatu bado siwezi, nasali kwa kiti na mie ni barobaro, wazee wanitazama mskitini mpaka naona haya.

Sasa Ramadhani yaja, na ligi ya usiku baada ya taraweh ndo hio, kochi asema atanitia dakika ishirini za mwisho, utacheza taratibu. Fizio wangu amekataa kabisa, asema mechi nisiifikirie kabla ya miezi tisa. Miezi tisa jamani! Machali wa timu wasema fizio ataka hela za kliniki tu. Kuna aliyepitia hii? Na hio nafasi nyuma ya goti ni kawaida ama vipi?

bin_majengo

Pole yakhe. Mie nakwambia cheza, mwili ni wako na waujua wewe. Zlatan alikatika goti Aprili 2017 akarudi uwanjani Novemba mwaka huo huo, na hapo ashafika miaka 36, sasa wewe wa 24 wangoja nini? Na Ronaldo yule Mbrazil je? Goti lilimwisha kabisa na akaja kubeba kombe la dunia 2002. Hawa watu wa hospitali kazi yao kutia watu hofu. Tafuta mkandaji mzuri, huku kwetu kuna mzee akishika goti kwa mafuta ya nyonyo asukuma mara moja tu mguu walala chini kama mwenzake, hio nafasi yaisha siku hio hio.

fizio_pwani

Waaleikum salaam winga, na pole kwa mtihani. Mie ni fizio, sikutibu wewe na sijaliona goti lako, kwa hivyo mwenye neno la mwisho ni yule wako na daktari aliyekupasua. Lakini kabla ya lolote, usikubali mtu yeyote alisukume hilo goti chini kwa nguvu. Ntarudi hapo, manake umeuliza sana kuhusu ligi na hilo la mguu kutolala chini umelitaja kwa kupita tu, na mie kwa jicho langu hilo ndo kubwa kuliko ligi.

Tuanze na Zlatan kwanza kwasababu kila wiki naletewa Zlatan. Alikuwa na watu wanamshughulikia asubuhi mpaka jioni, na hata hivyo aliporudi alicheza mechi chache tu, Machi 2018 akaondoka United akaenda Marekani. Ronaldo hakukatika ACL, ile ilikuwa kano ya chini ya pia ya goti, kitu chengine kabisa, na kati ya kuumia 2000 na kombe la dunia pana miaka miwili. Kama mwataka mifano ya siku hizi, Gavi aliumia Novemba 2023 akarudi Oktoba 2024. Rodri aliumia Septemba 2024 wakicheza dhidi ya Arsenal, akaonekana tena Mei 2025, na hao wana klabu zenye pesa ya kununua kila kitu isipokuwa muda.

Sasa hili la siumwi. Ile ACL mpya walokuwekea haikuingia mle ikiwa hai. Walipoikata nyuma ya paja waliikata na damu yake, kwa hivyo wiki za kwanza chembechembe zake zafa, alafu mwili waanza kuingiza mishipa midogo ya damu na chembe mpya polepole. Ni kama mche wa mwembe ukiung'oa kitaluni ukaupanda kwengine, kwanza wanyauka, majani yapukutika, ndo baadaye ushike mizizi. Kwa hivyo kuna kipindi, takriban wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili, ambapo hio kano ni dhaifu kuliko siku ile uliyotoka theta, na kipindi hicho hicho ndo maumivu yanaisha na mtu anajiona bingwa. Umekivuka salama, mashallah, lakini kazi ya kugeuka kuwa ligamenti kamili yaendelea mwaka mzima na zaidi. Kutoumwa hakukwambii lolote kuhusu hio kazi imefika wapi.

Na miezi tisa haikutolewa hewani. Kuna utafiti wa Oslo na Delaware uliotoka 2016, waliwafuatilia watu 106 waliofanyiwa oparesheni hii, wakaona kila mwezi mmoja mtu aliosubiri kabla ya kurudi kwa michezo ya kugeuka na kuruka, mpaka kufikia mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kama nusu, asilimia 51 kamili. Baada ya mwezi wa tisa kungoja zaidi hakukuonekana kupunguza tena. Alafu sikiza hii, waliorudi bila kufaulu vipimo asilimia 38 waliumia goti tena, waliofaulu hawakufika hata sita kwa mia. Kwa hivyo si kalenda peke yake, ni kalenda na vipimo.

Vipimo gani? Nguvu ya misuli ya paja la mbele ndo ya kwanza. Goti likijaa maji misuli ile yalala, si kwamba umekuwa mvivu, ni neva zinazuia, na hata uvimbe ukiisha yaamka polepole sana. Wewe leo chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima paja zote mbili, tuseme upana wa kiganja na nusu juu ya goti, utaona tofauti mwenyewe. Alafu kaa kwenye kiti cha kawaida, mikono kifuani, inuka kwa mguu mmoja tu ule mzima, ukae polepole, hesabu waweza ngapi. Sasa fanya na ule ulopasuliwa. Ukiona watetemeka ama goti laingia ndani kuelekea lile jengine, hapo ushapata jibu la kochi wako. Ili kurudi mechi twataka mguu ufike angalau asilimia 90 ya mwenzake, kwa nguvu na kwa kuruka kwa mguu mmoja, kuruka mara moja, mara tatu mfululizo, kuruka ukikata mstari. Usianze kujipima kuruka peke yako hapo nyumbani tafadhali, hio fanya mbele ya fizio wako.

Dakika ishirini za mwisho nazo ndo mbaya zaidi, kochi anisamehe. Kila mtu amechoka, miguu mizito, wewe umetoka benchi umepoa, na beki anakuja kukukata akiwa amechelewa. Hakuna winga anayecheza taratibu. Mpira ukija pembeni utageuka tu, hutokumbuka mimi wala fizio wako.

Kukimbia mbele kwa mstari si kosa kwa mwezi huu kama fizio amekuruhusu na goti halivimbi. Lakini mchanga wa Pirates angalia, ule mkavu wa juu mguu wazama na kujipinda, bora ule mgumu maji yakiwa yamepwa, na kwasababu ufuo umeinama upande mmoja nenda na urudi, usikimbie upande mmoja tu alafu ukapanda matatu. Kesho yake asubuhi liangalie goti. Likiwa limevimba, jana ulizidisha, basi, punguza.

Sasa hilo la nafasi nyuma ya goti. Sio kawaida kwa miezi minne na nusu. Goti linatakiwa liwe limenyooka lote ndani ya wiki chache za mwanzo, tena twalihangaikia kuliko hata kukunja. Pengine ni ukakamavu tu kwasababu ulikuwa ukilala na mto chini ya goti, wengi hufanya hivyo kwasababu ya raha, na mazoezi yatalimaliza. Lakini pengine ni kovu limejitengeneza kama kifundo mbele ya ile kano mpya ndani ya goti, likawa linabana kila ukinyoosha, na hilo mazoezi hayaliondoi, daktari huingia na kamera akalikwangua. Dalili yake ni ukinyoosha mpaka mwisho unaskia kitu kimekwama mbele, sio nyuma. Wewe waskia wapi? Usitembee na goti lililokunjika miezi na miezi, utachechemea, paja halitojaa, na pia ya goti itaanza kuuma mbele.

winga_kisauni

Shukran sana fizio, wallahi hakuna aliyewahi kunieleza hivi, wa kwangu ana wagonjwa wengi, nikifika anipa mazoezi nafanya anaenda kwa mwengine. Nimejaribu ya kiti saa hii. Mguu mzima nimeinuka vizuri mpaka nimechoka mwenyewe, huu mwengine nimeinuka kidogo tu ukaanza kutetemeka na goti laingia ndani kama ulivyosema, mamangu amesimama mlangoni anicheka. Paja sijapima lakini hata kwa macho laonekana jembamba.

Na nikinyoosha mpaka mwisho nahisi mbele, chini ya pia ya goti, kama kuna kitu kinabonyezwa. Nyuma nahisi kuvutika tu kidogo. Mto ndio nilikuwa nalalia mwezi wa kwanza wote.

dada_beki

Winga pole. Mie ni wa Likoni, nilikuwa beki wa kati timu ya wanawake, na mie ACL yangu imekatika mpaka leo na sikupasuliwa. Nasema hili kwasababu watu hapa wadhani ni kupasuliwa ama kulemaa, hakuna la kati. Daktari alinieleza kuna utafiti Sweden ulitoka 2010, vijana 121 wenye goti kama hili, nusu wakapasuliwa mapema na nusu wakapewa mazoezi kwanza, aliyeona goti bado lamtoka ndo apasuliwe baadaye. Kufika miaka miwili kama wanne kwa kila kumi wa kundi la mazoezi walikuwa wameishia kupasuliwa, waliobaki hapana, na makundi yote mawili yakijieleza hali ya magoti hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa hivyo mie nikasema nijaribu mazoezi kwanza. Goti langu lilitulia halinitoki, meniskasi yangu ilikuwa nzima, na mpira nimeacha mwenyewe, hilo lazima niseme wazi. Naogelea, nabeba masufuria ya pilau ya harusi, napanda ngazi na watoto juu chini, lakini kumkaba mtu anayegeuka geuka sikubali tena. Kama wewe wataka kurudi winga na lilikuwa lakutoka ukishuka tuktuk basi oparesheni ilikuwa njia yako, usije ukasoma hii ukajuta.

Nilotaka kukwambia ni kuhusu kushuka. Kupanda ghorofa ya nne si kipimo, kupanda ni rahisi. Mie kipimo changu kilikuwa rampu ya feri. Wenye kuvuka wajua, maji yakijaa rampu yakaribia kuwa sawa, maji yakipwa ile kitu yainama vibaya, na umati umekusukuma nyuma, mikokoteni ya maji yapita kando, hapo goti lenye paja dhaifu lajulikana. Nilikuwa nashuka kwa ubavu kama kaa huku nimeshika mtu nisiyemjua. Ukiweza kushuka ngazi zenu polepole, mguu mbaya ndo unabaki juu ukikuteremsha, bila kudondoka ile hatua ya mwisho, hapo ndo useme paja linaanza kurudi.

Na kina dada mnaosoma, sisi ACL hutukatika zaidi ya wanaume tukicheza mchezo ule ule, madaktari wasema mara mbili na wengine mpaka zaidi ya hapo. Miedema na Beth Mead walikosa kombe la dunia la 2023 kwa goti hili hili, na walikuwa timu moja, Arsenal. Mkiambiwa mazoezi ya miguu na kutua vizuri msione ni mambo ya jimu ya kujipodoa.

fizio_pwani

Dada beki umesema kweli yote na hilo la kushuka ntaliiba nikawaambie wagonjwa wangu.

Winga, kwa ulivyoeleza, kubonyezwa mbele ukinyoosha, mie ningekuwa fizio wako ningekurudisha kwa daktari wiki hii, sio mwezi ujao. Si dharura ya kukimbia usiku, lakini usiiache. Mwambie maneno yale yale ulioniandikia, goti halinyooki lote na naskia limebanwa mbele. Ataliangalia, pengine atataka MRI nyengine. Kabla ya hapo endelea kufanya hivi: kaa, weka kisigino juu ya kigoda, goti liwe hewani bila kitu chini, liache lilale lenyewe kwa uzito wake, kaza paja kila mara uhesabu polepole alafu legeza. Ukilala kitandani, lala kifudifudi miguu ikining'inia nje kuanzia juu ya goti. Mara nyingi kwa siku kidogo kidogo, sio mara moja mpaka ulie. Na huo mto utoe.

Alafu kitu chengine kwa wote ambao wako wiki za mwanzo, sio wewe winga: shavu la mguu likivimba na kuuma, ama pumzi ikawa fupi ghafla, ama goti likawa moto jekundu na homa, hio nenda hospitali usiku huo huo. Damu kuganda na maambukizi hayangoji asubuhi.

mzee_kibokoni

Vijana salaam. Mie sijui mpira, nilikuwa fundi seremala na goti langu ni la uzee, lakini nimeskia kijana amesema aona haya kusali kwa kiti na hilo limenigusa. Mwanangu usione haya. Mtume, rehma na amani zimfikie, alimwambia Imran bin Husayn asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ruhusa hio si ya wazee, ni ya mwenye udhuru, awe na miaka 24 ama 80. Ila angalia jambo moja ambalo vijana wengi hulikosea mskitini, kama waweza kusimama basi simama kisimamo chako, na rukuu ukiweza rukuu, kiti kitumie kwa lile tu usiloliweza, sijda na kikao. Watu huingia wakakaa kwa kiti tangu takbira mpaka salamu na miguu yao yaweza kusimama. Na taraweh waweza kupumzika kati, haikulazimu kumaliza zote kwa kusimama, hio ni sunna. Muulize imamu wako akueleze vizuri zaidi.

Swali langu kwa huyo bwana fizio, je ataweza kukaa tahiyyatu siku moja, ama ndo basi?

fizio_pwani

Mzee wangu shikamoo, ahsante kwa hilo la kiti, nalikutana nalo kila siku na mie huwa sina elimu ya kulisema.

Ataweza inshallah, wengi hurudi. Kukaa vile kunataka goti likunjike mpaka mwisho kisigino kiguse kalio na uzito wa mwili juu yake, na kwasababu yeye meniskasi ilishonwa, nyuzi zile hazipendi kukunjwa sana ukiwa umekalia, ndo maana madaktari huzuia kuchuchumaa chini miezi ya mwanzo, wengi mpaka mwezi wa nne ama zaidi. Choo cha kuchuchumaa nacho kiko mle mle, winga kama nyumbani ni cha shimo tafuta kiti cha plastiki kilichotobolewa kati, viko vya bei nafuu. Sasa yuko mwezi wa tano karibu, amuulize daktari siku ile ile kama aweza kuanza. Akiruhusiwa, aanze kitandani ambapo ni laini, mto mkubwa kati ya kalio na kisigino, kila wiki mto upungue. Waliotolewa kano mbele ya goti badala ya nyuma ya paja hao kupiga magoti huwauma sana mbele na hukaa na hilo kwa muda, yeye ana nafuu hapo. Lakini kunyoosha kwanza, kukunja baadaye.

Kuogelea pia kabla sijaulizwa: kutembea baharini maji yakiwa kiunoni ni dawa nzuri, mwili wapungua uzito kama nusu. Mateke ya kunyoosha mguu sawa. Mateke ya chura bado, yale yanalipinda goti kwa ndani.

bin_majengo

Fizio sawa nimekuskia lakini kukandwa mwakuchukia bure. Babu zetu walikandwa na wakapona na hakukuwa na MRI.

fizio_pwani

Bin Majengo mie sijakataa kukandwa. Ligamenti ya ndani ya goti ubavuni, ile MCL, hio mara nyingi hujifunga yenyewe bila kisu, mtu akikandwa huku anapumzika atapona na mkandaji atachukua sifa, haki yake. ACL iko katikati ya goti ndani ya majimaji, ncha zikishaachana mara nyingi hazishikani tena vizuri, na hakuna mafuta yanayofika huko. Babu waliopona nadhani wengi lilikuwa la ubavuni, ama walikatika na wakaacha kucheza kama dada beki hapa, wakaishi vizuri tu.

Paja lililokaza likandwe, nyama za nyuma zikandwe, taratibu, hakuna shida, hata mie nakanda. Kusukuma goti lililobanwa na kovu ndo nakataa. Ukisukuma mlango ambao nyuma yake pana kitu, hio nguvu yote yaenda kwa kano mpya na nyuzi za meniskasi.

kochi_tononoka

Nimesoma yote kimya kimya manake mie ni kochi na najua kochi wa Kisauni atakuwa anasoma pia, twajuana sote. Ndugu yangu muache kijana. Ligi za usiku mie pia nazipenda, watu wamefuturu, taa zimewashwa, kiwanja kimejaa, lakini kiwanja chenyewe kina mashimo na umande, na mchezaji ametoka kula sambusa akaingia bila kupasha. Nimeona magoti zaidi Ramadhani kuliko msimu mzima.

Kitu ambacho hatufanyi sisi makochi wa mtaa ni kupasha vizuri. FIFA wana mpango wao waitwa 11+, uko bure mtandaoni na picha zake, dakika kama ishirini, hauhitaji kifaa chochote isipokuwa mpira. Kukimbia kidogo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole lisiingie ndani, na lile la kupiga magoti mwenzako akushike vifundo ushuke mbele polepole, wachezaji hulichukia hilo lakini hamstringi hushukuru. Timu zinazoufanya mara mbili tatu kwa wiki majeraha yao hupungua kama theluthi. Vijana wangu walinicheka mwanzo, wakaita ni zumba.

Na kijana usikae nyumbani ligi yote ukinuna. Njoo upashe na wenzako ile sehemu uliyoruhusiwa, piga pasi za kusimama ukiruhusiwa, shika kalamu uandike nani apoteza mipira upande wako. Winga anayekaa nje akitazama mpira huona nafasi ambazo hakuwahi kuziona. Goti pia lina kichwa, wengi hurudi mguu uko sawa lakini waogopa kugeuka, na hofu nayo yahitaji muda wa kuwa karibu na mpira bila kuumizwa.

winga_kisauni

Haya wadau mmenishinda. Nimempigia fizio wangu nikamueleza hilo la kubanwa mbele, kumbe hata yeye ashaliandika kwa faili na alikuwa ataka kuniambia wiki ijayo, amenitafutia nafasi kwa daktari Jumatatu. Nitaulizia na bima kabla, manake kama ni kamera tena sitaki kushtukizwa na bili. Kochi nimemwambia, amenuna kidogo alafu akasema nije nikae benchi nimuandikie. Mzee Kibokoni ahsante sana, leo Isha nimesimama kisimamo chote, kiti nimekikalia kwa sijda tu.

Fizio la mwisho, Jumatatu nimuulize daktari nini hasa, manake mie nikifika mbele yake nasahau kila kitu naitikia tu ndio ndio.

fizio_pwani

Andika kwa simu. Goti langu limebakisha digrii ngapi kunyooka, na je ni kovu. Meniskasi ilishonwa wapi na naruhusiwa kukunja mpaka wapi nikiwa nimekalia. Naweza kuendelea kukimbia wakati twasubiri. Na kama utaingia tena na kamera, nikitoka naanza kunyoosha siku hio hio ama lini. Hilo la mwisho usilisahau, manake ukikaa wiki mbili bila kunyoosha kovu hurudi pale pale. Mwambie pia akuandikie karatasi ya fizio wako, mafizio twafanya kazi gizani kila siku.

dada_beki

Na enda na mtu. Mamangu ndo aliyekuwa akiuliza maswali yangu yote.

bin_majengo

Sawa mie nimekubali kushindwa kwa leo. Sasa nani acheza winga? Nina kijana huku Majengo mbio anazo ila kushoto hajui, kochi wa Kisauni nitafute inboksi kabla sijampeleka Changamwe.